Nimerithi kozi ya mada 17 na muhula wa wiki 15: nilivyoikata na kuipanga upya

ChakiVumbi (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nafundisha Takwimu mwaka wa pili, programu ya Maendeleo ya Jamii, chuo kimoja mikoani, jina tuliache. Kozi nilikabidhiwa ndani ya flashi: mafaili 17, kila faili mada moja, slaidi za kwanza zina tarehe ya 2009. Nikaambiwa "kila kitu kimo humo." Kweli kimo. Shida ndiyo hiyo.

Muhula wa kwanza nikaifundisha kama nilivyoipokea. Wiki ya 9 nilikuwa bado kwenye permutesheni (hesabu za namna za kupanga vitu), nachomoa mipira myekundu na myeusi mfukoni. Wiki ya 13 nikaanza kukimbia, kai-skwea (kipimo cha kuona kama tofauti ya makundi ni ya kweli au ya bahati) nikaimaliza kwa dakika 25. Mwaka uliofuata walewale wakaja na ripoti zao za utafiti. Ndani kuna jedwali la kai-skwea lililotoka SPSS, programu ya takwimu. Namuuliza binti mmoja, hii 0.03 inasemaje? "Iko signifikanti, sir." Maana yake nini? Kimya. Na Takwimu kafundishwa na mimi, kapata B.

Nikakaa chini kupiga hesabu ambayo ningepaswa kuipiga tangu siku ya kwanza. Kozi yangu ina krediti 12. Kwa utaratibu wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, kazi yote: mhadhara, seminari, asaimenti, na kujisomea kule kwenye kimbweta. Kwa hiyo nina saa 120. Kwenye makaratasi mhadhara ni saa 2 kwa wiki 15, yaani 30. Sasa toa wiki ya kwanza, nusu ya darasa bado wako kwenye usajili au wanasubiri bumu (pesa ya mkopo). Toa wiki ya testi. Toa sikukuu moja inayoangukia siku yako na wiki ya mwisho ya marudio. Mimi hubaki na wiki 11, saa 22. Gawa kwa mada 17. Kila mada inapata saa moja na robo na vidakika. Kai-skwea kwa saa moja na robo, wakuu, kwa mtoto ambaye hesabu aliiacha kidato cha nne na akashukuru Mungu.

Nimeipanga upya mara mbili sasa. Ya kwanza nilichemsha. Ya pili inaelekea kukaa sawa. Naweka hapa nilivyofanya, na wajuzi mnikosoe. Nakuja.

Kimbweta9

Naweka kambi. Sisi wanafunzi tunalisemaga hili kila siku, hakuna anayetusikiliza. Nina kozi moja semista hii, lekchara ametupia slaidi 214 kwenye grupu la WhatsApp kupitia CR (kiongozi wa darasa). Unadhani nazisoma? Natafuta pepa za nyuma, naona maswali yanayojirudia, nasoma hayo. UE (mtihani wa mwisho) inapita. Nikitoka mlangoni pale, kichwa cheupe.

ChakiVumbi

Kimbweta9, mdogo wangu, uliyoandika hapo ndiyo kozi yenyewe ilivyo. Lekchara ana mpango wake kwenye autilaini (karatasi ya mpango wa kozi), wewe una mpango wako kwenye pepa za nyuma, na wa kwako ndio unaotawala. Mtaalamu wa elimu John Biggs aliliandika hili mwaka 1996: unachotaka mwanafunzi aweze, unachomfanyisha darasani na unachompima nacho, vitatu hivyo vivute kamba upande mmoja. Visipovuta pamoja, mwanafunzi anafuata mtihani. Mimi nikiwa mwanafunzi nilifanya vilevile, nisijifanye mtakatifu.

Tuendelee. Safari hii sikuanza na mada. Niliyafunga yale mafaili 17 nikajiuliza: huyu binti akiajiriwa halmashauri, ofisa maendeleo ya jamii, Jumatatu asubuhi bosi wake atamtupia nini mezani chenye namba? Jibu tunalijua wote. Mikopo ya asilimia 10. Asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Atapewa orodha ya vikundi na marejesho, ataambiwa "niandikie dokezo, vijana wanarejesha vibaya kuliko kina mama au ni maneno ya watu?"

Basi. Hilo dokezo la ukurasa mmoja ndilo nikalifanya mwisho wa kozi, kisha nikarudi nyuma hatua kwa hatua: ili aliandike anahitaji kujua nini? Kabla ya hapo je? Na kabla ya hapo? Wenzetu Wamarekani wawili, Wiggins na McTighe, walilipa jina jambo hili mwaka 1998, kubuni kuanzia mwisho. Fundi cherehani analijua bila kitabu. Hashiki mkasi kabla hajajua ni gauni au suruali.

Nikatunga data mwenyewe, maana za kweli zina majina ya watu. Vikundi 40 vya wanawake, 9 vimechelewesha marejesho. Vikundi 40 vya vijana, 18 vimechelewesha. Hiyo karatasi wanaiona WIKI YA KWANZA. Hawawezi kufanya lolote nayo na ndivyo ninavyotaka. Nawauliza tu: 9 na 18, ni tofauti ya kweli au bahati mbaya ya mwaka huu? Darasa linagawanyika, wanabishana kama Simba na Yanga. Siwapi jibu. Jibu ni wiki ya 12.

BibiTakwimu

Mwanangu nimefundisha somo hilo miaka 26, nimestaafu. Nakupongeza lakini nina wasiwasi. Nyie wa siku hizi mnapenda sana kuruka msingi. Ukifunga yale mafaili, permutesheni umeitupa, probabiliti umeitupa, halafu mtoto unampeleka kwenye kai-skwea. Atabonyeza kompyuta tu. Hesabu lazima ipite mkononi kwanza, iume kidogo.

ChakiVumbi

Shikamoo mama.

Sijaitupa probabiliti, nimeipunguza. Ilikuwa wiki 4, sasa ni wiki moja na nusu, na yote inajibu swali moja tu: jambo hili lingeweza kutokea kwa bahati mara ngapi? Tunarusha sarafu darasani, kila mwanafunzi mara 20, tunachora ubaoni nani kapata vichwa vingapi. Wanafunzi 240, ubao unajaa, lile umbo la kilima wanaliona linajijenga lenyewe. Hapo ndipo namtaja yule aliyepata 16. Je, sarafu yake ina kasoro? Mjadala.

Kuhusu mkono, mama, nakubaliana nawe kuliko unavyodhani. Kai-skwea tunaikokotoa kwa mkono mara MOJA, kwa ile data yetu. Jumla waliochelewesha 27 kati ya 80. Kama kundi halina maana yoyote, kila upande ungetarajiwa uwe na 13.5 waliochelewesha na 26.5 waliowahi. Tofauti kila kijumba ni 4.5. Kipeo cha pili 20.25. Gawa kwa 13.5, gawa kwa 26.5, kila moja mara mbili, jumlisha: 4.53. Mpaka wa asilimia 5 (ukivuka hapo, bahati peke yake ingeleta tofauti kubwa hivyo chini ya mara 5 kwa 100) ni 3.84. Imevuka. Inachukua dakika 20 na kila mtu anaona 4.53 imetoka wapi. Baada ya hapo ni Excel. Zamani niliwapa maswali kumi ya hivyo kwa mkono, walichojifunza ni kutumia kalkuleta.

BibiTakwimu

Marahaba. Hapo kwenye sarafu umenipata. Nitarudi, bado nina neno.

MezaYaUbora

Mleta uzi, nimekaa kitengo cha uthibiti ubora chuo kingine miaka kadhaa, ngoja nikutahadharishe kabla watu hawajakimbilia kukata. Mtaala ulioidhinishwa si wako. Umepita idara, bodi ya kitivo, seneti, ukaenda TCU. Mtahini wa nje akija ataweka mtihani wako pembeni ya matokeo tarajiwa yaliyoandikwa mle. Likikosekana moja, jina litakaloandikwa kwenye ripoti ni lako, si la mtangulizi wako wa 2009.

ChakiVumbi

Mkuu umegusa penyewe, na ndipo nilipochemsha mara ya kwanza. Nilifyeka, mada mbili, namba fahirisi na mfululizo wa nyakati, zikapotea kabisa. Mkuu wa idara akaniita. Nilipotoka pale nikaenda kusoma mtaala wenyewe, ile nakala yenye mhuri, nikagundua kitu ambacho watu wengi hatujui kwa sababu hatujawahi kuufungua: mle kuna matokeo tarajiwa 6 na orodha ya mada. Mpangilio haujafungwa. Uzito wa kila mada haujafungwa. Mifano haijafungwa. Autilaini tunayoigawa wiki ya kwanza ni tafsiri ya mtangulizi wako, na tumeichukua kama msahafu.

Kwa hiyo sasa hakuna mada iliyofutwa. Zipo za ngazi tatu. Mada 6 ni uti wa mgongo, zinapata mihadhara yote na semina. Mada 7 zinafundishwa pale zinapohitajika tu, ndani ya zile 6. Zilizobaki 4 ni za kujisomea, kurasa chache nimeandika mwenyewe kwa Kiingereza chepesi, na jaribio fupi la maswali 5 kwenye Moodle, mfumo wa masomo mtandaoni. Mtihani wangu una jedwali linaloonyesha swali lipi linapima tokeo lipi kwa alama ngapi. Mtahini wa nje alilipenda hilo jedwali kuliko mtihani wenyewe.

MezaYaUbora

Jedwali hilo ndilo ninalowaombaga watu kila muhula, wananiletea kesho yake ya siku ya mwisho. Nyongeza moja kwa wanaoandika mitaala mipya, maana mapitio yanaendelea vyuo vingi: acheni neno "kuelewa" kwenye matokeo tarajiwa. "Mwanafunzi ataelewa takwimu." Utampimaje? Bloom na wenzake, wataalamu wa elimu wa Marekani, walipanga zile ngazi 6 za kufikiri mwaka 1956, zikafanyiwa marekebisho 2001, na vitenzi vyake vimebandikwa ukutani kila idara. Bado naletewa mtaala una "kuelewa" kumi na moja. Nilihesabu.

FundiSanifu

Sisi wa vyuo vya kati mnatuonea wivu bure au tuwaonee sisi, sijui. Huku kwa NACTVET (baraza la vyuo vya ufundi) mtaala unakuja umeshapangwa kwa umahiri, moduli ina vigezo vyake, mwanafunzi lazima atende. Vizuri. Lakini moduli inasema "atende kwa kutumia kifaa fulani", kifaa hakipo. Nafundisha upimaji ardhi, wanafunzi 60, kifaa kimoja. Nipange vipi hapo?

ChakiVumbi

FundiSanifu, sijui upimaji kwa hiyo nisikudanganye. Ila ningeanza na kifaa: kikiwa kimoja, vikundi 10 vya watu 6, kila kikundi saa 2 kwa wiki, hizo ni saa 20, kifaa hakilali. Ratiba ya moduli nzima ingefuata hicho kifaa, na wale wasio nacho wiki hiyo wapige hesabu za vipimo walivyochukua wiki iliyopita. Mwenye uzoefu atanisahihisha.

FundiSanifu

Tumejaribu kitu kama hicho, kikwazo ni ufunguo wa stoo. Usicheke.

NgambaMto

Wenzangu wa Tanzania, mimi nafundisha Kenya. Huku kwetu CAT (majaribio ya katikati ya muhula) ni alama 30 na mtihani wa mwisho ni 70 katika vyuo vingi. Nyinyi nasikia mna 40 kwa 60. Hebu nieleze, hilo dokezo lako linapata alama ngapi? Kwa maana mwanafunzi wangu akiona kazi ya wiki kumi inampa alama 5, ataipa dakika tano. Pia migomo ikitukata wiki nne katikati, kozi iliyopangwa kama ngazi, kila hatua ikitegemea ya chini yake, inavunjika yote.

ChakiVumbi

Karibu jirani. Ndiyo, kwangu 40 kwa 60. Dokezo lina alama 15 kati ya hizo 40, lakini si mara moja, na hapo ndipo kuna kosa langu la pili.

Mwaka wa kwanza wa kujaribu nililipa alama 15 zote siku moja, wiki ya 14. Usiku wa kuamkia siku hiyo kuna kikundi kimoja kiliandika. Kimoja. Vikundi 9 vingine vilileta desa la kile kikundi, hadi kosa la tahajia la "marejsho" lilikuwa lilelile kwa wote. Nilikaa nalo ofisini nikacheka peke yangu, kisha nikaacha kucheka kwa sababu kazi ile nilikuwa nimeipanga mwenyewe ili inakiliwe: data moja kwa wote, siku moja, hakuna hatua za kati.

Sasa kila kikundi cha watu 6 kina data yake (nimetengeneza kwa Excel, kila kikundi namba zake), na kazi inakuja vipande vitatu. Wiki ya 4 wanaleta jedwali peke yake, lililojazwa vizuri, alama 3. Wiki ya 9 wanaleta grafu moja na sentensi tatu za kuielezea, alama 4. Wiki ya 13 dokezo lenyewe, alama 8. Vikundi 40, ukurasa mmoja mmoja, nasahihisha Jumamosi moja na chai.

Kuhusu migomo: vipande hivyo ndivyo vinavyookoa. Ukikatwa baada ya wiki ya 9, mwanafunzi anakuwa na kitu kilichokamilika mkononi. Kozi ya zamani ukiikata wiki ya 9 anakuwa na mipira kwenye mfuko.

Kimbweta9

Sir hapo kwenye sentensi tatu za grafu ndipo watu watakufa. Kuchora tunajua, kuandika sasa 😂

ChakiVumbi

Wanakufa kweli. Ndiyo maana wiki ya 5 nina mfano wa mama lishe. Nawapa mauzo ya siku ya mama lishe 7 karibu na stendi: 28,000, 30,000, 35,000, 38,000, 40,000, 45,000 na 240,000. Yule wa mwisho ana tenda ya kulisha mafundi kwenye saiti. Wanapiga wastani: 65,143. Nawaambia andikeni sentensi moja kwa mkurugenzi. Wanaandika "mama lishe wa stendi anauza wastani wa shilingi 65,143 kwa siku." Haya, nawauliza, nani kati ya hawa saba anauza hiyo? Wanatafuta. Hayupo. Sita wako chini, mmoja yuko mbali juu. Kisha tunazipanga na kuchukua ya katikati, 38,000, wanaona huyo ndiye mama wanayemjua. Medieni sikuifundisha kama mada. Ilikuja yenyewe ilipohitajika, na UE ya mwaka jana swali hilo ndilo walilofanya vizuri kuliko yote.

Mfinyanzi_Ughaibuni

Niko Ujerumani nasoma. Huku krediti moja ya ECTS (mfumo wa krediti wa Ulaya) ni saa 30, na shahada ya miaka mitatu ni krediti 180. Kule kwetu 360 za saa 10. Piga hesabu: Mjerumani anadai saa 5,400, sisi 3,600. Kuna profesa mmoja hapa ukiongeza sura kwenye kozi idara inamuuliza umetoa ipi. Hilo swali nyumbani sijawahi kulisikia.

MezaYaUbora

Nitaliiba hilo swali, mkuu.

BibiTakwimu

Nimerudi, na nimekaa na karatasi. Mwanangu ChakiVumbi, ile 4.53 yako. Jedwali la viwili kwa viwili, namba si kubwa sana. Sisi tulifundishwa kuweka sahihisho la mwanatakwimu Yates, la mwaka 1934, unapunguza nusu kwenye kila tofauti kabla ya kupandisha kipeo. 4.5 inakuwa 4. Kipeo 16. Fanya mwenyewe: inatoka 3.58. Chini ya 3.84. Dokezo lako limegeuka kichwa chini miguu juu. Sasa mkurugenzi umwambie nini, vijana wanarejesha vibaya au la?

ChakiVumbi

Mama, nimeikokotoa mara mbili. 2.37 na 1.21. Umenipata kweli.

Kwa uaminifu namba hizo nilizitunga bila kulijua hilo, nilitaka tu zivuke kidogo ili isiwe rahisi. Nilianza kuzibadilisha, niweke 7 na 20 mambo yaishe. Nikasita. Yates si wa mwaka wa pili, na wapo wanaosema sahihisho lake linabana mno. Lakini hiki ndicho kitakachomkuta kazini: njia mbili halali, majibu mawili, bosi anasubiri.

BibiTakwimu

Usibadilishe.

NgambaMto

Nakazia. Lakini usiwafundishe fomula ya Yates, utarudi kwenye mafaili 17.

ChakiVumbi

Sitaifundisha. Wiki ya 13, siku ya kukusanya madokezo, nitaandika ubaoni 4.53 na 3.58 na ule mstari wa 3.84 katikati yake, niwape dakika 15 kila kikundi kiandike upya sentensi ya mwisho ya dokezo. Hiyo ya mkurugenzi. Saa ya mhadhara nitaitoa kwenye namba fahirisi, ambazo sasa zinabaki na jaribio la Moodle peke yake.

MezaYaUbora, hujaona hapa.

MezaYaUbora

Nimeona. Weka kwenye jedwali.